Miguu Imekwisha Kimbia, Sasa Vinywa Vifunguke

Katika miaka ya karibuni limekuwa jambo la kawaida, alfajiri za Jumamosi na Jumapili, kuona makundi makubwa ya watu wakikimbia katika barabara za miji yetu. Wake kwa waume, vijana na wazee, wafanyakazi wa viwandani, wauguzi, walimu, askari na wachuuzi, wote huvaa fulana za rangi moja wakaenda mwendo wa pole kwa nyimbo na vigelegele. Hawashindanii kikombe. Hukimbia kwa ajili ya jambo wanalotaka taifa zima lilifikirie: mara ni madawati ya watoto wa shule, mara ni akina mama wajawazito, na siku hizi, mara kwa mara, ni afya ya akili. Maandishi ya fulana zao huwaambia wapita njia kwamba kuugua akili si aibu, na kwamba anayeumia asinyamaze.

Sisi tunaziunga mkono mbio hizo kwa moyo wetu wote, na tunawapongeza wanaozitayarisha na wanaozikimbia. Lakini kuunga mkono si kupiga makofi tu. Yatupasa kuuliza swali moja. Fulana zikisha kufuliwa, na siku ya Jumatatu ikafika, je, mfanyakazi aliyekimbia kilomita 5 jana yake anaweza kumwendea msimamizi wake akamwambia, "Ndugu, siku hizi silali, na akili yangu haikutulia, naomba ruhusa nikamwone daktari," asipoteze kazi yake, wala heshima yake, wala uhuru wake? Ikiwa anaweza, mbio zimefika zilikokusudiwa. Ikiwa hawezi, basi tumetoa jasho tu, na safari yenyewe bado hatujaianza.

Jambo hili si dogo. Mwezi wa Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu zaidi ya bilioni 1 duniani wanaishi na maradhi ya akili ya namna moja au nyingine. Kwa hesabu za shirika hilo, mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijitoa uhai wao wenyewe, na miongoni mwa vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 29 kifo cha namna hiyo kilikuwa cha tatu kwa wingi. Bara letu halikusalimika. Mwaka 2022 shirika hilo lilieleza kwamba katika Afrika watu wapatao 11 katika kila 100,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, hali wastani wa dunia ni 9. Na kwamba daktari bingwa wa maradhi ya akili ni mmoja tu kwa kila watu 500,000. Hebu msomaji afikiri: mji mzima wa watu nusu milioni, na tabibu mmoja!

Tena hesabu hizo ni za wanaojulikana. Wangapi hawajulikani? Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na katika maradhi yote hakuna linalofichwa kama hili. Mwenye homa husema ana homa. Mwenye kidonda hukifunga kitambaa cheupe akapita nacho njiani. Lakini mwenye huzuni isiyokwisha, aliyepoteza usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kuishi, huamka asubuhi akanawa uso, akapanda basi, akafika kazini, akacheka wanapocheka wenziwe. Siku akianguka wote hushangaa, wakasema, "Lakini jana tulikuwa naye!"

Wako wasemao kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba Mwafrika mwenye jembe mkononi na ndugu pembeni hana nafasi ya kusononeka. Husema hivyo kwa majivuno, wakidhani wanatetea heshima ya Mwafrika. Yafaa waelezwe neno hilo limetoka wapi. Mwaka 1953 kilichapishwa kitabu cha daktari mmoja wa Kiingereza, J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Katika kitabu hicho alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa maneno mengine, Mwafrika hasononeki kwa sababu hana akili ya kutosha kumsononesha! Mwaka uliofuata, yaani 1954, serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha taarifa ya bwana huyo huyo juu ya Mau Mau, na ndani yake vita vya watu waliodai ardhi yao vikaelezwa kana kwamba ni maradhi ya akili. Hiyo ndiyo elimu tunayoirudia leo tunaposema sonona si yetu. Ni kasumba ya kikoloni, ingawa imevikwa kanzu ya Kiafrika.

Waafrika wenyewe ndio walioivunja kasumba hiyo. Dakta Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, tangu mwaka 1954, aliwatibu wagonjwa wa akili huko Aro, karibu na Abeokuta, wakiishi vijijini pamoja na jamaa zao badala ya kufungiwa nyuma ya kuta. Uchunguzi alioufanya pamoja na wenziwe wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1963, ulionyesha wazi kwamba dalili za sonona zimo miongoni mwa Wayoruba kama zilivyo miongoni mwa watu wengine. Na kwani tulihitaji uchunguzi? Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Mswahili husema mawazo yamemzidi, moyo umekuwa mzito, roho imemwinamia. Neno lisingalikuwapo kama ugonjwa usingalikuwapo.

Sasa tuzitazame mbio zenyewe. Je, kukimbia kuna faida gani kwa akili? Faida ipo, wala si ya maneno matupu. Mwaka 2024 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchunguzi uliokusanya majaribio 218 yenye washiriki 14,170, na katika yale yaliyosaidia kuipunguza sonona, kutembea na kukimbia mwendo wa pole vilikuwa miongoni mwa ya mbele. Hapana haja ya viatu vya bei kubwa wala ya uwanja wenye majani ya kupandwa. Barabara ya mtaa yatosha.

Na sisi jambo hili si geni kwetu. Nani katika nchi hii aliyesoma shule asiujue mchakamchaka? Asubuhi na mapema, umande haujakauka, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanamwitikia, miguu inapiga ardhi kwa pamoja, na mtoto aliyetoka nyumbani na uzito moyoni hufika darasani amechangamka. Leo mchakamchaka huo umehamia mitaani. Huko Temeke, Mbagala na mitaa mingine ya Dar es Salaam viko vilabu vya wananchi, ambavyo vijana huviita vya jogingi, na kila mwisho wa juma hukimbia kwa nyimbo, klabu hii ikiitembelea ile. Wengi wa wanachama wake ni makabwela: mafundi, mama lishe, makondakta, wapagazi na waendesha bodaboda. Mwenzao akifiwa huchanga. Asipoonekana huuliza yuko wapi.

Hapo ndipo ilipo dawa ambayo haiuzwi dukani. Mtu aliyeelemewa hujitenga na watu, na kadiri anavyojitenga ndivyo anavyozidi kuelemewa. Kundi linalomgojea alfajiri humtoa ndani. Tena watu wawili wanaokwenda bega kwa bega hawatazamani usoni, na maneno ambayo mwanamume hawezi kuyasema akikabiliwa mezani huweza kumtoka njiani, katikati ya pumzi mbili. Twasema "mwanamume" kwa makusudi. Duniani kote wanaume wanaokufa kwa kujiua ni takriban mara mbili ya wanawake, na moja ya sababu ni kwamba tangu utoto wamefundishwa kuwa machozi ni ya kike.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya mtu. Mbio si badala ya daktari. Mwenye sonona kali asiambiwe, "Nenda kakimbie, utapona," kama vile aliyevunjika mguu asivyoambiwa acheze ngoma. Mbio ni mlango. Anayeingia kwa mlango huo sharti akute watu ndani ya nyumba.

Tuna neno pia kwa watayarishaji. Zipo mbio ambazo kiingilio chake ni fedha nyingi, na fulana na nishani vyake huwa vya watu wenye magari. Fedha zinazopatikana huenda zikafanya mema, wala hatulaumu. Lakini mbio zinazodai kufungua vinywa vya watu haziwezi kuwafungia lango walio wengi. Mama anayeuza maandazi na kijana anayepakua magunia sokoni ndio wenye mizigo mizito zaidi ya akili, nao hawana fedha ya kununua fulana. Yafaa kila mbio za namna hii ziwe na nafasi ya bure, na zipite mitaani kwa wananchi, si ufukweni na mbele ya mahoteli tu. Tena pale zinapokomea, pawe na meza ya wauguzi na maofisa wa ustawi wa jamii, ili aliyeguswa na wimbo apate wa kusema naye siku hiyo hiyo kabla moyo haujarudi nyuma.

Katika historia ya michezo ya nchi yetu liko jambo moja linaloeleza tatizo letu vizuri. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, ndugu John Stephen Akhwari alianguka katika mbio ndefu za marathoni akaumia goti. Wengine wasiopungua 10 waliziacha mbio hizo. Yeye alifungwa bendeji, akaendelea kuchechemea, akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia nzima ilimheshimu, na Watanzania twajivunia jina lake mpaka leo. Lakini tujiulize: tulimheshimu kwa nini? Kwa sababu bendeji ilionekana. Kila aliyemtazama alijua huyu anaumia na bado anakwenda. Basi wangapi miongoni mwetu wanachechemea kila siku na hawana bendeji ya kuonyesha? Wanafika kazini, wanalea watoto, wanalipa kodi ya nyumba, nao wamejeruhiwa mahali pasipoonekana. Hao hatuwapigii makofi. Mara nyingi tunawacheka.

Ndiyo, tunawacheka, na silaha yetu ni ulimi. Mirembe ni hospitali ya taifa iliyoko Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, na kwa miaka karibu mia imewapokea wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi. Sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Mtu akibishana nasi tunamwambia anafaa kwenda Mirembe. Katika Unguja hivyo hivyo jina la Kidongo Chekundu limekuwa la mzaha. Je, tumewahi kumtukana mtu kwa jina la hospitali ya moyo? Mama anayemsikia jirani akicheka hivyo, naye ana kijana ndani aliyeanza kusikia sauti zisizokuwapo, atafanya nini? Atamfungia chumbani. Atatafuta mganga wa kumtafutia aliyemroga. Atapoteza miezi, pengine miaka, na ugonjwa ambao ungaliweza kutulizwa kwa dawa na uangalizi utakuwa umekomaa.

Na ukweli ni kwamba wengi hutulia, wakarudi makwao wakafanya kazi. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wagonjwa wa akili walianza kutunzwa tangu zama za Wadachi, na kazi za mikono zimekuwa sehemu ya matibabu yao. Karibu na Dodoma, katika kijiji cha Hombolo, wagonjwa walipewa majembe na mashamba ili wapone huku wakijilisha. Waliofanya hivyo walielewa kwamba mgonjwa wa akili ni mtu kamili, mwenye mikono, mwenye aibu na mwenye matumaini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi asiyekilalia na akome kumcheka anayejikuna.

Tuje sasa kazini, kwani wasomaji wetu wengi ni wafanyakazi, na kazini ndipo vinywa vinapofungwa kwa kufuli. Sababu za kuelemewa twazijua. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Zamu za usiku zinafuatana. Msimamizi hutukana mbele ya wateja. Na juu ya hayo kuna mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, ambayo mtu huikopa kwa siku moja ya shida akailipa kwa mwaka mzima wa fedheha. Mtu wa namna hiyo akikosa usingizi, si ajabu. Ajabu ni kwamba tunamtaka afanye kazi kana kwamba hakuna kitu.

Yafaa kila mfanyakazi wa Tanzania Bara ajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa haki ya likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 za pili kwa nusu ya mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Likizo hiyo haikuwekewa mpaka kwamba ni ya malaria na mifupa tu. Ugonjwa ni ugonjwa. Na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilitungwa ili matibabu ya akili yawe na utaratibu wake, mahali pa sheria kuukuu ya kikoloni. Haki, basi, imeandikwa. Anayeogopa kuitumia ni mfanyakazi, kwa sababu anajua cheti kikisomwa ofisini jina lake litakwenda hadi jikoni kwa mpika chai.

Kwa hiyo twaviambia vyama vya wafanyakazi: jambo hili ni lenu. Mnadai viatu vya chuma na kofia za kazi ili mwili wa mfanyakazi usiumie. Dai hilo ni la haki. Dai na usiri wa vyeti vya daktari. Dai na msimamizi anayetukana achukuliwe hatua. Dai na kila tawi liwe na mtu mmoja au wawili waliofundishwa kusikiliza na kuonyesha njia ya kwenda hospitali. Nao waajiri wasiseme haya ni gharama. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila mwaka dunia hupoteza siku za kazi bilioni 12 kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Gharama tayari wanailipa. Hawaioni tu katika vitabu vyao.

Liko kufuli jingine, kubwa kuliko yote, nalo limetundikwa na sheria. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Mwingereza, katika kifungu chake cha 217, inamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda jinai. Mtu huyo ameokolewa na majirani, bado anatetemeka, na badala ya kumwona muuguzi kwanza, anaogopa polisi. Jamaa zake, kwa kumwonea huruma, husema ilikuwa ajali. Daktari haambiwi ukweli, hivyo hatibu kilichomfikisha hapo, na mgonjwa hurudi nyumbani na ugonjwa ule ule. Tutamwambiaje mtu huyo afungue kinywa, hali maneno yake mwenyewe yanaweza kuwa ushahidi dhidi yake?

Na wananchi wajue kichekesho kilichomo. Mwingereza aliyetuletea sheria hiyo aliifuta kwake mwezi wa Agosti 1961. Miezi minne baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikawa huru. Yaani siku tulipopandisha bendera yetu tulikuwa tumebaki na mzigo ambao mwenyewe alikwisha kuutupa njiani! Wenzetu wameanza kuutua. Bunge la Ghana liliamua hivyo mwaka 2023. Katika Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kilicho ndugu wa kifungu chetu, kinapingana na Katiba.

Wako watakaosema kwamba kuifuta sheria hiyo ni kuhalalisha watu kujiua, na kwamba dini zetu zinakataza. La hasha. Dini zinakataza, na zitaendelea kukataza. Zina misikiti na makanisa yao ya kufundishia, hazikuhitaji pingu. Hata Mwingereza, alipofuta, aliacha kuwa jinai kumsaidia au kumshawishi mtu mwingine ajiue, na hilo ni sawa. Jambo tunalolisema ni moja tu: mtu aliyefika ukingoni anyooshewe mkono, asinyooshewe hati ya mashtaka. Hili ni jambo la wabunge wetu, na wanachama wana haki ya kuwauliza wabunge wao katika mikutano yao watalifikisha lini.

Pengine mtu atasema: tukisha kufungua vinywa, nani atasikiliza, madaktari wakiwa wachache namna hii? Swali ni la haki, na jibu lake limekwisha patikana Afrika. Mwaka 2006, huko Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare katika jiji la Harare. Hakuwa na majengo. Aliweka mabenchi nje ya zahanati, na bibi aliyefundishwa alikaa hapo akamsikiliza jirani yake. Kwa Kishona ugonjwa huo huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na hatua ya kwanza ya tiba huitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Je, Mbantu yeyote anahitaji mkalimani hapo? Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusu watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa benchi walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100. Miongoni mwa waliopata matibabu ya kawaida walikuwa 50. Wazo hilo limekwisha vuka mipaka, hata Zanzibar limefika.

Tunao mabibi na mababu. Tunazo baraza za nje, na miembe yenye vivuli, na mabalozi wa nyumba kumi wanaojua kila nyumba imelala na nini. Tunavyo vilabu vya mchakamchaka. Kinachokosekana ni mafunzo, na mtu wa kuyaratibu. Wizara na halmashauri zikichukua wawili tu katika kila klabu, zikawafundisha kusikiliza bila ya kuhukumu, kutunza siri, na kujua hali ipi ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, tutakuwa na jeshi la wasikilizaji ambao tayari wanaaminiwa na watu wao.

Hatusemi ni kazi rahisi, lakini twajua inawezekana, maana tumekwisha kuifanya mara moja. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi yetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulitajwa kwa mafumbo, na waliokufa nao walizikwa kwa jina la maradhi mengine. Kunyamaza huko kulitugharimu sana. Kisha tukaanza kusema: redioni, shuleni, misikitini, makanisani. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipimwa mbele ya umma katika Dar es Salaam, na siku hiyo mtu wa chini akaona kwamba kama mkubwa hakuona aibu kukunja shati lake, naye asione.

Basi tunauliza: kwa maradhi ya akili, nani atakunja shati? Kiongozi mmoja, kamanda mmoja, mchezaji mmoja wa mpira anayependwa, akisimama jukwaani mwisho wa mbio akasema, "Na mimi niliwahi kuelemewa, nikaenda hospitali, nikatibiwa," atafanya kazi ambayo fulana elfu haziwezi kuifanya.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, tarehe 10 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, na hapana shaka mbio zitakuwapo tena. Nendeni mkakimbie. Lakini msingoje siku hiyo. Juma hili hili, mtazame mwenzako wa zamu ambaye siku hizi amekuwa kimya. Mwulize hali yake mara ya pili, kwa maana mara ya kwanza sote husema, "Nzuri." Akianza kusema, usimkatize, usimhubirie, usiyapeleke maneno yake kwingine. Ukiona amekata tamaa ya kuishi, usimwache peke yake; fuatana naye hadi hospitali, ukae naye mpaka aonwe na daktari. Na neno la Mirembe likianza kutumiwa kama mzaha katika baraza lenu, uwe wa kwanza kulikataa.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Waliokimbia wameonyesha kwamba miguu ya taifa hili ni mizima. Sasa wabunge wafute kifungu, waajiri watunze siri, vyama vya wafanyakazi vidai haki, na kila mmoja wetu auzuie ulimi wake na kufungua sikio lake, ili mwenye kuumia, siku atakapofumbua kinywa, asijute kwa nini alisema.